Mkufu Umegeuka Kijani: Njia Gani Itakurudishia Pesa?

Mimi niko Mombasa. Nilinunua mkufu wa fedha kwa muuzaji wa Instagram, shilingi 4,800 na 300 za kuletewa, nikalipa kwa M-Pesa. Mwezi huohuo dada yangu aliyeolewa Leicester alinunua kidani cha fedha chenye jiwe la buluu kwenye duka la mtandaoni la hukohuko Uingereza, pauni 135, akalipa kwa kadi ya mkopo. Wangu uliniachia mstari wa kijani shingoni siku ya tisa. Chake kiling'oka jiwe akiwa jikoni anakanda unga, na mpaka leo hatujui jiwe liliishia kwenye chapati ya nani.

Sote wawili tulirudishiwa pesa. Yeye aliandika barua pepe mbili akaendelea na shughuli zake. Mimi nilihangaika wiki sita, nikapiga simu zisizopokelewa, nikatukanwa kidogo, nikatukana kidogo pia. Kama pesa zingekuwa zinarudi kwa ukali wa maneno, mimi ndiye ningerudishiwa mapema. Ila yeye alikuwa ameshashinda tangu alipobonyeza kitufe cha kulipa, na mimi nilikuwa nimeshashindwa palepale.

Basi nimeziweka njia zetu bega kwa bega, pamoja na zile ambazo hatukuzitumia, ili mwenye mkufu mbovu mkononi ajue ashike ipi, na yule ambaye bado hajanunua ajue alipe vipi.

Ni feki, ni mbovu, au hukuipenda?

Hapa ndipo watu wengi hujichanganya, na muuzaji mjanja huchezea hapohapo. Nilipomwandikia kuwa mkufu umebadilika rangi, alinijibu kwa upole mkubwa: "Dada, fedha ndivyo ilivyo, hubadilika. Isugue na dawa ya meno." Na kusema kweli, nusu ya maneno yake ni sahihi. Fedha inayogongwa muhuri wa 925 ina sehemu 925 za fedha halisi katika kila 1,000. Zinazobaki 75 kwa kawaida ni shaba, iliyochanganywa ili kito kiwe kigumu. Fedha halisi hupata weusi kwa jasho, kwa manukato na kwa hewa tu, na mtu mwenye jasho jingi huweza hata kupata rangi kidogo shingoni. Kupata weusi peke yake si ubovu. Ukienda kudai kwa sababu hiyo, utashindwa, na ni haki ushindwe.

Kwa hiyo kabla ya kugombana zaidi niliupeleka kwa sonara mmoja mzee wa Mji wa Kale, ambaye mama alikuwa akimpelekea vikuku vyake kusafisha.

"Ami, hebu niangalizie huu. Nimeambiwa ni fedha."

Aliutia kwenye mizani, gramu 11. Akaugeuza kwenye kifungo, akatazama ile 925 kwa kioo chake cha jicho moja, akacheka puani. Kisha akachukua tupa ndogo, akakwaruza upande wa ndani wa kifungo mahali pasipoonekana, na chini ya weupe ikatokea rangi nyekundu kama sufuria ya zamani. Akadondosha tone la asidi juu ya mkwaruzo. Likatoa povu la kijani papo hapo.

"Shaba hii, mwanangu. Imepakwa tu juu. Hiyo namba mtu yeyote mwenye nyundo na muhuri anaigonga."

Tangu hapo kesi yangu ilibadilika jina. Sikuwa tena mteja anayelalamikia rangi. Nilikuwa nimeuziwa shaba kwa jina la fedha, yaani kitu kisichokuwa kile kilichoelezwa. Madai ya "si kama kilivyoelezwa" ndiyo yenye nguvu kuliko yote katika kila njia nitakayoitaja, kwa benki, kwa masoko ya mtandaoni na kwa sheria. Ya dada yangu ni aina ya pili: kitu ni halisi, lakini kina kasoro. Nayo yana nguvu, ila muuzaji anaweza kubisha kwamba wewe ndiye uliyekigonga au ulikivaa ovyo. Aina ya tatu ni pete iliyokubana au rangi usiyoipenda. Kwa Kenya, hiyo unategemea huruma ya muuzaji na masharti aliyoyaweka mwenyewe.

Angalia pia maneno ya tangazo. Likisema "dhahabu karati 18" na ukaletewa kitu kilichopakwa, una kesi nzuri. Likisema kwa herufi ndogo kwamba ni ya kupakwa, na rangi imechujuka baada ya miezi minane ya kuogea nayo, kesi hiyo mimi nisingeishika. Karati 18 ni sehemu 750 za dhahabu katika 1,000, karati 22 ni 916, karati 9 ni 375. Ukiona bangili nzito ya "karati 22" inauzwa bei ya kanga mbili, huhitaji sonara.

M-Pesa au kadi

Huu ndio ulinganisho wenye uzito kuliko mwingine wote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Ukimtumia mtu pesa kwa M-Pesa, umempa pesa taslimu. Zimeingia, amezitoa, amenunua unga. Kuna watu wanaamini kwamba ukisambaza ule ujumbe wa muamala kwenda 456, pesa zitarudi hata kama ugomvi ni wa bidhaa. Huduma ile imewekwa kwa ajili ya aliyekosea namba akamtumia asiyemkusudia. Haikuwekwa kuamua kama mkufu ni fedha au shaba. Na zikiwa zimeshatolewa, hakuna cha kurudisha. Tena kuna ubaya wa upande wa pili: wauzaji wa mitandaoni wanalia na wateja wanaopokea mzigo kisha wanakimbilia kurudisha muamala wakidai walikosea namba. Huo ni wizi, hata kama muuzaji naye ni mwizi. Sikuujaribu, na sikushauri.

Ila M-Pesa ina jambo moja zuri ambalo wengi hulisahau: inakupa jina. Akaunti ya Instagram inaweza kuitwa "Malkia wa Vito", lakini ujumbe wa muamala hutaja jina la mwenye laini. Hilo ndilo lililonisaidia baadaye. Na ukilipa kwa namba ya Lipa na M-Pesa badala ya namba ya mtu binafsi, jina linalotokea ni la biashara yenyewe, ambayo ni rahisi zaidi kuitafuta. Muuzaji mwenye maua na mwanga mzuri kwenye picha zake lakini anayetaka pesa kwenye laini ya "kaka yangu" anakuambia jambo. Msikilize.

Kadi ni dunia nyingine. Ukilipa kwa Visa au Mastercard, benki yako inaweza kuyapinga malipo kwa niaba yako na kuzidai pesa kwa benki ya muuzaji. Kanuni za mitandao hiyo zina kipengele hasa cha bidhaa mbovu au isiyofanana na maelezo, na kingine cha bidhaa bandia. Kwa kawaida una siku 120, lakini usizihesabu moja moja. Ripoti wiki ileile. Benki itakuuliza mambo mawili: ulijaribu kuzungumza na muuzaji kwanza? Na ulikirudisha kitu, au angalau ulijitolea kukirudisha? Asiyeweza kujibu ndiyo kwa yote mawili hukataliwa hata kama ana haki. Kwa bidhaa bandia wataka pia neno la mtu anayejua vito. Karatasi ya sonara yenye tarehe, uzito na matokeo ya kipimo ina thamani kuliko kurasa kumi za manung'uniko.

Kadi ya kawaida ya benki inaingia humo, si kadi ya mkopo tu. Na kwa sisi wenye M-Pesa isiyo na benki, tangu 2022 kuna kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay, inayolipa kwenye tovuti za nje. Kwa kununua kito nje ya nchi ningeitumia hiyo kuliko kumtumia mtu pesa moja kwa moja.

Dada yangu alikuwa na silaha ya tatu ambayo sisi huku hatunayo. Uingereza, Kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya watumiaji ya 1974 kinaifanya kampuni ya kadi ya mkopo iwajibike pamoja na muuzaji, endapo kitu kinazidi pauni 100 na hakipiti pauni 30,000. Kidani chake cha pauni 135 kilikuwa ndani. Kingekuwa cha pauni 95 asingeipata njia hiyo. Angebaki na ile ya kupinga malipo kama mwenye kadi mwingine yeyote. Na haki hiyo ni ya kadi ya mkopo pekee. Ndugu zetu wengi kule hulipa kwa kadi ya kawaida wakidhani kadi zote ni moja.

PayPal iko katikati ya hizo mbili. Una siku 180 tangu ulipolipa kufungua malalamiko. Ukishayafungua, una siku 20 za kuzungumza na muuzaji, na usipoyapandisha yawe madai rasmi ndani ya siku hizo, yanajifunga yenyewe. Muuzaji anayekuomba "subiri kidogo dada, nakurudishia Ijumaa" mara nyingi anazihesabu siku hizo kuliko wewe. Na mtu akikuambia ulipe kwa ule mpangilio wa marafiki na familia ili kuepuka ada, kataa. Malipo hayo hayalindwi kabisa.

Kuna njia moja inayozishinda zote na haina teknolojia yoyote: lipa ukipokea. Mtu wa boda anasimama mlangoni, wewe unafungua kifurushi, unatazama, ndipo unalipa. Hutagundua shaba iliyopakwa kwa macho, lakini jiwe lililolegea, kifungo kisichofunga au mkufu mfupi utauona. Nilipewa nafasi hiyo na muuzaji mwingine aliyekuwa akiuza kwa shilingi 600 zaidi. Nikaona ni ghali.

Muuzaji wa inboksi au soko kubwa la mtandaoni

Wauzaji wa inboksi wengi ni waaminifu. Ninao wawili ninaonunua kwao tangu miaka. Lakini mambo yakiharibika, mko wawili tu chumbani, na yeye ndiye mwenye kitasa. Anaweza kukuzuia, akabadilisha jina la akaunti, na mazungumzo yote yakabaki upande wako. Ndiyo maana kabla ya kumwandikia lalamiko lolote, piga skrinshoti ya tangazo, bei, maelezo na jina la akaunti. Mimi nilifanya hivyo kwa bahati tu, kwa sababu nilimtumia shoga yangu ile picha siku ninanunua. Tangazo lenyewe lilifutwa saa mbili baada ya ujumbe wangu wa kwanza.

Soko kubwa lina mtu wa tatu. eBay hukupa siku 30 tangu mzigo ufike kusema kwamba kitu si kama kilivyoelezwa. Etsy, ambako vito vya kutengenezwa kwa mkono ni vingi, hukutaka umwandikie muuzaji kwanza, usubiri saa 48, kisha unaweza kufungua kesi, na mlango huo uko wazi kwa siku 100. AliExpress ni fupi zaidi, siku 15 baada ya oda kukamilika, na mtego wake ni kitufe cha kuthibitisha kwamba umepokea. Muuzaji hukuomba ukibonyeze mapema kwa zawadi ya senti chache. Usikibonyeze kabla hujafungua, hujavaa na hujatazama.

Ubaya wa masoko ya nje ni gharama ya kurudisha. Kutuma kifurushi kinachofuatilika kutoka Mombasa hadi China kunaweza kuzidi bei ya pete yenyewe, na kodi uliyolipia mzigo kuingia nchini haikurudii. Kwa herini za shilingi 900 ningeomba nirudishiwe sehemu ya pesa na nibaki nazo. Wengi hukubali, kwa sababu nao hawataki ule mzigo.

Tukiwa kwenye herini: wauzaji wengi huandika kwamba herini za masikio yaliyotobolewa hazirudishwi kwa sababu za usafi, na mikufu ya jina hairudishwi kwa sababu imetengenezwa kwa ajili yako. Kwa mtu aliyebadilisha mawazo, hayo ni sawa. Kwa herini zenye kasoro, au mkufu ulioandikwa Mwanaisha wakati uliagiza Mwanaidi, usafi hauhusiki. Usirudishwe nyuma na sentensi hiyo.

Sheria ya huku na sheria ya kule

Dada yangu hakuhitaji hata kadi yake, kwa sababu sheria ilimbeba mwanzo mwisho. Uingereza ukinunua mtandaoni una siku 14 tangu upokee kubadilisha mawazo bila kutoa sababu. Kitu kikiwa na kasoro, sheria ya haki za watumiaji ya 2015 inakupa siku 30 za kukikataa na kurudishiwa pesa zote. Siku zikipita, muuzaji ana nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha, na ikishindikana unadai pesa. Na katika hatua hizo za kutengeneza au kubadilisha, ndani ya miezi sita ya kwanza kasoro huhesabiwa ilikuwepo tangu mwanzo, kwa hiyo mzigo wa kuthibitisha vinginevyo ni wa muuzaji. Jiwe la dada liling'oka siku ya 19. Aliandika siku ya 20. Muuzaji alimtumia karatasi ya kubandika kwenye bahasha, akakirudisha bila kulipia posta, na pesa ziliingia kwenye kadi ileile. Sheria inataka ziingie ndani ya siku 14 tangu muuzaji akubali, na kwa njia ileile uliyolipia.

Tena kidani chake kilikuwa na muhuri wa nanga, alama ya ofisi ya upimaji ya Birmingham. Kule kito cha fedha kinachozidi gramu 7.78, au cha dhahabu kinachozidi gramu moja, hakiruhusiwi kuuzwa kwa jina hilo bila kupimwa na kugongwa muhuri na ofisi huru. London hugonga kichwa cha chui, Sheffield waridi, Edinburgh ngome. Kwa hiyo hakukuwa na ubishi kama ni fedha. Ubishi ulikuwa wa jiwe tu.

Na Kenya? Watu husema hatuna sheria. Tunazo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa ya ubora unaofaa na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Ipo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Na iko ile ya zamani ya uuzaji wa bidhaa, iliyonakiliwa kutoka ya Waingereza ya 1893, inayosema kwamba kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kifanane na maelezo hayo. Maneno ya "hakuna kurudisha bidhaa" yaliyobandikwa kwenye ukurasa wa muuzaji hayawezi kuiondoa haki hiyo.

Tofauti kubwa iko kwenye muda. Kule kuna siku zinazohesabika, 14 na 30. Huku sheria ya zamani inasema "muda wa kiasi", na ukikaa nacho kimya zaidi ya muda huo, unahesabiwa umekikubali. Ukishakikubali, haki ya kukirudisha inakwisha, unabaki na kudai fidia ya upungufu. Kwa hiyo mwandikie muuzaji kwa maandishi, si kwa ujumbe wa sauti, mara tu unapojua, utumie neno lenyewe: nakikataa. Jambo jingine lilinifurahisha nilipolisoma. Kwa sheria yetu, mnunuzi aliyekikataa kitu kwa haki halazimiki kukirudisha yeye, isipokuwa kama mlikubaliana hivyo. Inatosha kumjulisha muuzaji kwamba umekikataa, aje akichukue.

Tanzania sheria ya uuzaji wa bidhaa ni ya ukoo huohuo, na malalamiko ya kudanganywa hupelekwa Tume ya Ushindani. Madai madogo yanaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, tena kwa Kiswahili, jambo ambalo sisi wa ng'ambo ya mpaka wa Lungalunga tunawaonea wivu.

Pesa, kubadilishiwa, au vocha

Muuzaji wangu alipoona karatasi ya sonara hakubisha tena. Alibadilisha wimbo: "Nitakubadilishia, chagua mwingine." Wengine hutoa vocha.

Kama ni kasoro ya kitu kimoja, kama kifungo kilichokatika kwenye duka unaloliamini, kubadilishiwa ni sawa, na mara nyingi ni haraka. Kama umeuziwa shaba kwa jina la fedha, mkufu wa pili umetoka kwenye mfuko uleule wa kwanza. Na vocha ni kumwachia mtu pesa zako pamoja na ahadi. Nilisema pesa. Akasema basi nusu. Nikasema zote.

Wakati mnavutana, usikitengeneze. Nimeona mtu aliyempelekea sonara pete aipanue huku bado anaidai. Pete ikishakatwa, muuzaji atasema kasoro ilianzia hapo, na nani atambishia? Usiisugue kwa dawa ya meno pia, hata kama muuzaji ndiye aliyekushauri.

Mamlaka au mahakama

Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya wanunuzi waliodanganywa kuhusu bidhaa, na kulalamika ni bure. Lakini kazi yao ni kumnyoosha mfanyabiashara. Usiwategemee kama mtu wa kukukusanyia shilingi 4,800. Ninaiona inafaa zaidi pale wengi mmeumizwa na muuzaji mmoja.

Mahakama ya Madai Madogo ndiyo ya pesa. Iliundwa kwa sheria ya 2016, ikaanza kazi Milimani mwaka 2021 na sasa iko Mombasa pia. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Utakachohitaji ni mtu wa kumshtaki: jina na mahali anapopatikana. Ndiyo nikasema ule ujumbe wa M-Pesa usiufute.

Kwa mkufu wa shilingi 4,800 ningeenda? Hapana. Siku mbili za kazi na nauli zingezila hizo pesa. Kwa pete ya uchumba ya shilingi 60,000 ningekuwa pale Jumatatu asubuhi kabla mlango haujafunguliwa. Ila kuitaja hakugharimu kitu, mradi uitaje kama mtu aliyeisoma.

Nilimwandikia ujumbe mmoja wa mwisho. Hakukuwa na matusi humo. Tarehe niliyonunua, namba ya muamala, maneno ya tangazo kama yalivyokuwa, picha tatu, karatasi ya ami sonara. Kwamba ninaukataa mkufu, kwamba uko tayari kuchukuliwa, na kwamba baada ya siku saba nitafungua madai dhidi ya fulani binti fulani, jina lake kamili kama lilivyo kwenye laini. Nadhani ni jina ndilo lililomgutusha. Wiki tano nilikuwa nikimwita "Malkia".

Siku ya sita simu ikalia. Shilingi 4,800. Zile 300 za kuletewa hakurudisha, nami sikuzifuata.

Mkufu bado uko kwenye droo yangu, ndani ya kile kimfuko cha mahameli ulichokuja nacho. Nimemwandikia mara mbili atume mtu auchukue. Anasoma, hajibu.